Madawati hayajibu swali la uwajibikaji wa mzabuni

Kila msimu wa zabuni hurudi sentensi ileile: "Kampuni yetu inatekeleza uwajibikaji kwa jamii, mwaka jana tulitoa madawati." Anayeandika hivyo ni mkandarasi wa kusimika nguzo, au muuzaji wa transfoma, au kampuni ya kufunga mita za maji. Aliulizwa anafanyaje kazi yake, akajibu anatumiaje faida yake.

Maana yenyewe ya uwajibikaji wa mzabuni si ngumu. Shirika la umeme, maji au gesi linaponunua nguzo, nyaya, mabomba, dawa ya kutibu maji au nguvu kazi ya kuchimba mitaro, humwekea muuzaji masharti mengine zaidi ya bei na ubora. Asiajiri watoto wala kumfanyisha mtu kazi kwa lazima, alipe ujira halali na kwa wakati, awalinde wafanyakazi wake wasiumie kazini, asichafue mazingira, asitoe rushwa, na awadai hayo hayo wale anaonunua kwao. Kwa kawaida masharti hayo huwekwa kwenye waraka wa maadili ya wazabuni, na mzabuni hutia saini. Hilo tu.

Mkanganyo wa madawati una chanzo, na si uvivu wa watu. Nchini Tanzania, marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yalimtaka mwenye leseni ya madini aandae kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii na kukubaliana na serikali ya mtaa husika. Watu wengi walikutana na neno hilo hapo kwa mara ya kwanza, likiwa limeambatana na madarasa, zahanati na visima, wakaondoka nalo hivyo hivyo hadi kwenye zabuni za umeme. Madarasa yanahitajika na anayeyajenga anastahili shukrani. Ila mpango ule unahusu kile kampuni inachowapa majirani zake. Masharti ya mzabuni yanahusu namna anavyoipata fedha yenyewe.

Mwongozo wa Umoja wa Mataifa kuhusu Biashara na Haki za Binadamu, ulioandaliwa na John Ruggie, mjumbe maalumu wa Katibu Mkuu wa umoja huo, na kupitishwa na Baraza la Haki za Binadamu Juni 2011, umeligusa jambo hili waziwazi. Ufafanuzi wa kanuni ya 11 unasema kampuni inaweza kufanya mengi mema ya kuendeleza haki za watu, lakini mema hayo hayafidii kushindwa kuziheshimu haki hizo katika shughuli zake. Kwa maneno mengine, dawati halilipii mguu wa kibarua.

Tumtazame huyo kibarua. Kazi nyingi za hatari katika sekta ya umeme hufanywa na watu wasioajiriwa na shirika lenyewe: wa mkandarasi, au wa mkandarasi mdogo aliyepewa kipande cha kazi na mkandarasi mkubwa. Kabla fundi hajapanda nguzo, laini inatakiwa izimwe, swichi ifungwe kwa kufuli na iwekwe kibao cha onyo, laini ipimwe kwa kifaa kuthibitisha kwamba haina umeme, kisha iunganishwe na ardhi pande zote mbili za mahali anapofanyia kazi. Hatua hii ya mwisho ndiyo wengi huiruka, kwa sababu laini "si imeshazimwa". Lakini hoteli iliyo mtaa wa pili ikiwasha jenereta lililounganishwa bila swichi ya kubadilishia, umeme unaweza kurudi kinyumenyume hadi kwenye transfoma, ukapandishwa volti, ukamkuta fundi juu. Seti ya nyaya za kuunganishia ardhi inagharimu fedha, na mkanda mzima wa kupandia vilevile. Mkandarasi aliyeshinda kwa bei ya chini kuliko wote hutafuta pa kupunguzia, na mara nyingi hupunguzia hapo. Anayetaka kumpima mzabuni aulize nani alinunua mkanda ule, ulikaguliwa lini, na fundi ana ruhusa ya kukataa kupanda bila kupoteza kibarua chake? Shirika la Kazi Duniani liliingiza usalama na afya mahali pa kazi kati ya haki za msingi za mfanyakazi Juni 2022, kwa hiyo hili haliwezi tena kuitwa hisani ya bosi.

Nguzo nazo zina habari yake. Zile zenye rangi ya kijani kijani zimetibiwa kwa dawa yenye kromiamu, shaba na aseniki ili mchwa na kuvu wasizile. Zikifika eneo la kazi hukatwa, na vipande vinavyobaki huchukuliwa kuwa kuni. Moshi wake ni sumu, na aseniki nyingi hubaki kwenye majivu, yale yale ambayo mama mmoja anaweza kuyamwaga kwenye bustani ya mchicha. Mzabuni anayewajibika huvihesabu vipande hivyo na kuvirudisha, na huwaeleza watu wa pale kwa nini anawanyima kuni. Hakuna picha nzuri ya kupiga hapo, wala mgeni rasmi wa kukata utepe.

Masharti haya pia hayaishii kwa yule uliyesaini naye mkataba. Shaba iliyosukwa ndani ya transfoma inaweza kuwa imetoka Kolwezi nchini Kongo (DRC), ambako wachimbaji wadogo hushuka kwenye mashimo yasiyo na nguzo za kuzuia udongo. Paneli za jua zina silikoni, na sehemu kubwa ya silikoni hiyo imekuwa ikitoka Xinjiang nchini China. Kwa ajili ya madai ya kazi ya kulazimishwa, Marekani ilianza Juni 2022 kuzuia bidhaa za huko isipokuwa mwagizaji athibitishe kuwa ni safi. Makampuni ya umeme ya Ulaya yanayochoma makaa ya mawe yaliunda Bettercoal, mpango wa kukagua migodi ya makaa, mwaka 2012, baada ya kubanwa kuhusu hali za migodi yanakonunua. Muuzaji wa paneli wa Nairobi au Dar es Salaam anayesema "mimi naagiza tu" anapaswa kujua kwamba kuagiza ni sehemu ya swali.

Na hapa mashirika yenyewe nayo huteleza. Wapo wanaoamini kwamba mzabuni akishatia saini waraka wa maadili, mzigo wote umehamia kwake. Kanuni ya 13 ya mwongozo ule ule inakataa: kampuni inatakiwa kutafuta namna ya kuzuia madhara yanayofungamana na bidhaa au huduma zake kupitia wale inaofanya nao biashara, hata kama yenyewe haikuchangia. Na wakati mwingine inachangia. Shirika likimlipa mkandarasi miezi mingi baada ya hati ya malipo kuidhinishwa, kisha likamtaka alipe vibarua kila mwisho wa mwezi, linadai kitu ambacho lenyewe limekifanya kiwe kigumu.

Jambo moja zaidi kwa wanaoambatisha vyeti. Kiwango cha ISO 26000, kilichotolewa na Shirika la Kimataifa la Viwango (ISO) mwaka 2010 kuhusu uwajibikaji kwa jamii, ni mwongozo, na chenyewe kinasema hakikuandikwa kwa ajili ya kutolewa cheti. Anayekuuzia cheti hicho anakuuzia karatasi. Vyeti vya ISO 14001 kwa mazingira na ISO 45001 kwa usalama kazini vipo, na hivyo viambatishe.

Kwa hiyo ndugu mzabuni, ukifika kwenye kipengele cha uwajibikaji, picha za madawati zipeleke kwenye wasifu wa kampuni, zina nafasi yake huko. Hapa weka daftari la ajali, pamoja na zile ndogo na zile zilizokaribia kutokea, orodha ya wakandarasi wadogo unaowatumia, ushahidi wa malipo ya vibarua na michango yao ya hifadhi ya jamii, na maelezo ya wapi hupeleka mafuta machakavu ya transfoma na vipande vya nguzo. Daftari likiwa na ajali tatu na maelezo ya kilichobadilishwa baada ya kila moja, liambatishe bila woga. Mkaguzi anayeijua kazi ya laini hushtuka zaidi akikuta kurasa tupu.