Je, wajua kwa nini "mimi" wa shairi si lazima awe mshairi?

Soma ubeti huu, kisha ujiulize nani anasema:

Asubuhi wanibeba, begani kama rafiki,
Shambani ukinikaba, lakini sinung'uniki,
Jioni ukishashiba, wanitupa, hukumbuki,
Kutu imekuwa juba, na kamwe halivuliki.

Anayesema ndani ya shairi huitwa nafsineni, na anayeambiwa ni nafsinenewa. Mshairi ni aliyetunga. Ana jina na nyumbani kwake. Nafsineni huishi ndani ya beti tu, na mshairi yuko huru kumpa sauti yatima, mfalme, maiti au chombo. Hapa mtunzi ni mtu, lakini mwenye kusema hawezi kuwa mtu, kwa sababu mtu haoti kutu.

Anza na viambishi. "Wanibeba" peke yake ina utata: yaweza kuwa "wao wananibeba" au "wewe unanibeba". Usiamue bado. Mshororo wa pili unaleta "ukinikaba", wa tatu "ukishashiba" na "hukumbuki", na utata unaisha: anayeambiwa ni mmoja, naye ni mkulima. Kisha kusanya vidokezo vya nafsineni: hubebwa begani, hukabwa mikononi shambani, hupata kutu. Ni zana ya kilimo ya chuma, na yaelekea zaidi ni jembe. Neno "rafiki" huwanasa wanafunzi wengi, wakaandika katika majibu yao kwamba nafsineni ni rafiki wa mkulima. Tazama "kama" iliyotangulia: hiyo ni tashbihi, na kinachofananishwa na rafiki hakiwi rafiki mwenyewe.

Toni ndiyo inayotaka sikio. Jembe linasema halinung'uniki, na ubeti mzima ni manung'uniko. Kwa hiyo usiishie kwenye "huzuni". Sema ni toni ya malalamiko yaliyofunikwa na uvumilivu, kisha taja neno linalothibitisha. Katika ukwapi, yaani kipande cha kwanza, wa mshororo wa tatu mambo bado ni shwari. Kwenye utao, yaani kipande cha pili, "wanitupa" linaangusha kila kitu. Toni hugeuka hapo, na jibu linaloonyesha mgeuko lina uzito kuliko linalotaja hisia moja kwa shairi zima.

Kosa jingine hutokana na lugha yetu yenyewe. Kiswahili hakitenganishi mume na mke katika "yeye" wala "a-", kwa hiyo jinsia ya nafsineni haitokani na kiwakilishi. Itafute kwenye maneno ya ukoo na ya mahusiano, kama "mume wangu" au "wifi yangu". Usipoliona neno la namna hiyo, andika "mpenzi aliyeachwa" au "mzazi", uishie hapo. Jina la kike juu ya shairi linatueleza habari za mtunzi tu.

Na pale mtunzi na nafsineni wanapokaribiana? Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, ni mfano mzuri. Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mgonjwa, na katika utendi mama mgonjwa anamwita bintiye: "Negema wangu binti", yaani nikaribie, binti yangu. Binti huyo, Mwana Hashima, alikuwepo kweli. Hata hapo, jibu la nafsineni ni "mama anayempa bintiye wasia". Jina la mtunzi linafuata kama maelezo ya ziada, kwa kuwa historia ndiyo inayotupa, si viambishi.

Kwenye shairi la Al-Inkishafi la Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir mambo yanakuwa matamu zaidi. Nafsineni anasema "moyo wangu" na kuukemea kwa kudanganyika na dunia. Anayenena na anayeambiwa wamo ndani ya kifua kimoja, na anayejibu "nafsinenewa ni wasomaji" ameupita moyo huo bila kuuona.