Bili Imeshuka, Je, Kiwanda Kimeacha Kupoteza Umeme?

Tangu ianze kampeni ya ukaguzi wa nishati viwandani hapa Tanga, fomu nyingi zinatufikia na jibu moja: "Ufanisi umeongezeka, bili imepungua." Ndugu wenye viwanda, tunashukuru kwa ushirikiano, lakini hilo silo tulilouliza; tuliuliza kama kiwanda kimeacha kupoteza nishati.

Tanuri la saruji, kama la Pongwe, lazima lifikishe mawe kwenye nyuzi joto 1,450 hivi ndipo klinka ipatikane, yaani madonge yanayosagwa kuwa saruji. Kusindika maziwa hakudai moto huo. Kwa hiyo, aina za viwanda zikibadilika, hesabu ya mkoa ya nishati kwa thamani ya bidhaa hubadilika hata kama hakuna fundi aliyegusa mashine. Tuseme kiwanda cha chokaa kinatumia uniti 8 kwa kila shilingi 10,000 za bidhaa, na cha maziwa uniti 2. Thamani ya bidhaa zao ikilingana, wastani ni 5. Chokaa ikishuka hadi robo ya thamani yote na maziwa yakapanda hadi robo tatu, wastani ni 3.5. Punguzo la asilimia 30, na hakuna hata mota moja iliyobadilishwa! Vivyo hivyo, anayeacha kuchoma klinka akanunua iliyochomwa kwingine, hesabu zake zitapendeza. Moto umehamia kwa mwenzake.

Upotevu wenyewe uko palepale. Kiwanda kimoja tulikikuta Jumapili, uzalishaji umesimama, kompresa, yaani mashine ya kubana hewa, inajiwasha na kujizima: bomba limefungwa kwa mpira wa baiskeli na upepo unavuja.

Halafu kuna kVA, kipimo cha mzigo wote wa umeme ambao kiwanda kinauvuta kwa wakati mmoja. Wateja wakubwa wa TANESCO hulipia uniti walizotumia, na pia kilele cha mahitaji yao. Ukiwasha mota zote asubuhi kwa mpigo, mita inanasa kilele hicho, nawe utakilipia kwenye bili ya mwezi hata kama siku zilizobaki ulibana matumizi. Kapasita, vifaa vinavyopunguza mzigo ambao mota zinauvuta kwenye laini, zikiungua na zisipobadilishwa, kVA hupanda wakati uzalishaji ni uleule. Hiyo si faini, wala hakuna anayekuonea. Kuja ofisini kulalamika hakuishushi. Badilisha kapasita, na washa mota kwa zamu.

Kwenye fomu, tenganisha kila bidhaa: tani, uniti, mafuta au makaa, kwa miezi 12. Andika pia mtambo uliosimama na tarehe uliposimama. Inayoonyesha jumla peke yake itarudishwa.