Utando wa Kioo Kinachopitisha Umeme: Moto Ule Ule, Matokeo Mawili

Skrini ya simu huhisi kidole kwa sababu kioo chake kimepakwa utando usioonekana unaopitisha umeme. Mara nyingi ni oksidi ya indiamu yenye oksidi ya bati, takriban asilimia 10 kwa uzito. Unene wake ni kama nanomita 100. Unywele wa kichwani unauzidi mara mia kadhaa.

Utando huu ukitengenezwa bila kupashwa moto, tena ukapungukiwa oksijeni, hutoka na ukahawia wa chai ya rangi iliyozidi maji. Atomi zake zimetua ovyo, na sehemu ya nuru hunaswa humo. Uingize kwenye tanuri lenye hewa ya kawaida, nyuzi 250 hadi 300 za Selsiasi, kwa muda wa saa moja hivi. Ukiutoa na kuulaza juu ya gazeti, unasoma kama vile hakuna kitu katikati. Atomi zimejipanga kuwa fuwele, na oksijeni ya hewani imeziba mapengo, yaani nafasi ambazo oksijeni ilikosekana.

Hapo ndipo wanafunzi huteleza. Kila pengo la oksijeni huweza kuachia elektroni mbili, na elektroni ndizo zibebazo umeme. Ukizidisha moto hewani unapata kioo angavu kabisa, ila ukinzani umepanda. Kwa hiyo mtu akiniletea sampuli, kabla ya kuuliza nyuzi ngapi, namuuliza aliichomea ndani ya nini. Kwenye ombwe (mahali pasipo hewa) au gesi yenye haidrojeni, moto ule ule huinyofoa oksijeni, na elektroni huongezeka.

Ongezeko hilo jicho halilioni. Spektrofotomita, kifaa kinachopima nuru ya kila urefu wa wimbi, hulionyesha pembeni mwa nuru tuionayo. Upande wa urujuanimno, utando huanza kunyonya nuru kwenye mawimbi mafupi zaidi kuliko awali. Ni kama daladala: viti vya mbele vimejaa, anayepanda sasa lazima aende nyuma, na elektroni nayo huhitaji nishati kubwa zaidi ili ipate nafasi. Wanafizikia Burstein na Moss walilieleza jambo hili mwaka 1954. Upande wa infraredi, utando huanza kuakisi miale ya joto. Kwa dirisha ni faida. Kwa paneli ya sola, elektroni zikizidi humeza nuru ambayo ingezalisha umeme.

Kama kazi yako itapita kwenye nyuzi 450 au 500, tumia oksidi ya bati yenye florini, ambayo huvumilia zaidi. Na kama umepaka juu ya plastiki ya PET, sahau tanuri la nyuzi 300: itajikunja kabla hujafika huko.