Kusubiri mwaliko: maana ya vyuo vya Marekani kuhama konferensi

Usiku wa tarehe 3 Aprili 2023, mjini Houston, UConn, yaani University of Connecticut, waliwafunga San Diego State pointi 76 kwa 59 na kutwaa ubingwa wa mpira wa kikapu wa wanaume wa vyuo vikuu vya Marekani. Kwa UConn ulikuwa ubingwa wa tano. Kwa San Diego State ilikuwa fainali ya kwanza katika historia yao. Sasa mwambie mshabiki wa Dar es Salaam kwamba timu hizi mbili, ya kwanza na ya pili kati ya zaidi ya 350, zote zilikuwa zimekaa nje ya mlango zikingoja wakubwa waziite ndani. Atakuuliza: wakubwa gani tena, na hao ndio wamefika fainali?

Ukiweza kumjibu swali hilo, umeshamweleza kile kinachoitwa mpangilio mpya wa konferensi.

Kwetu timu hupanda kwa miguu yake. Ukimaliza katika nafasi mbili za juu za Championship, msimu ujao unacheza na Simba na Yanga, wapende wasipende. Ukiburuza mkia Ligi Kuu, unashuka. Vyuo vya Marekani havina kupanda wala kushuka daraja kwa namna hiyo. Vina konferensi. Konferensi ni umoja ulioundwa na vyuo vyenyewe: una kamishna wake, ratiba yake, bingwa wake na, kubwa kuliko yote, mkataba wake wa televisheni. Juu yake ipo NCAA, chama kinachosimamia kanuni na mashindano ya taifa, lakini NCAA haimpangii mtu akae konferensi ipi. Mlango wa kuingilia ni mmoja tu, kukaribishwa na waliomo, kwa kura za wakuu wa vyuo. Kutoka unatoka ukitaka, mradi ulipe.

Mpangilio mpya basi ni pale kutoka na kuingia huko kunapotokea kwa mkupuo. Mmoja anahama, pengo lake linatafutiwa mtu, huyo aliyechukuliwa naye anaacha pengo alikotoka, hadi mtikisiko unafika kwa chuo kidogo kilichokuwa kimelala.

Majina yasikuchanganye. Big Ten, yaani Kumi Wakubwa, ina vyuo 18. Big 12 ina 16. Atlantic Coast Conference, ACC, imebeba jina la pwani ya Atlantiki lakini ina wanachama wawili wanaotazama Pasifiki. Hakuna anayehangaika kubadilisha, kwa sababu jina limeshakuwa nembo na nembo inauzika.

Mwanzoni mambo haya yalikuwa ya ujirani. Big Ten ilianzishwa mwaka 1896 na vyuo vya eneo moja, vinavyofikiana kwa treni. Kilichobadilisha kila kitu ni hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya mwaka 1984. Kabla ya hapo NCAA ndiyo iliyoamua mechi zipi za futiboli ya Kimarekani zionyeshwe kwenye televisheni na chuo kionekane mara ngapi. Vyuo vya Oklahoma na Georgia vilishtaki, vikashinda kwa kura 7 dhidi ya 2. Toka siku ile haki za matangazo zikawa mali ya kuuzwa na vyuo na konferensi zao, na kila konferensi ikaanza kujiuliza ikimwongeza nani kwenye kapu, kapu litapanda bei.

Kapu lenyewe sasa ni zito. Mwaka 2022 Big Ten ilisaini na Fox, CBS na NBC mkataba wa miaka saba ulioripotiwa kufikia takribani dola bilioni 7. Mwanachama wa siku nyingi wa Big Ten anapata mgao wa zaidi ya dola milioni 60 kwa mwaka. San Diego State, kwenye konferensi yao ya Mountain West, walikuwa wanazungumzia mgao wa karibu dola milioni 6.6. Ukiona chuo kinahangaika kutafuta mwaliko, anza na pengo hilo. Mengine yote, heshima, historia, uhasama wa jadi, yanakuja baadaye.

Mwaliko unatolewaje, basi? Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na katika biashara hii msemo huo umechukuliwa neno kwa neno. Kila mkuu wa chuo anayepiga kura anajiuliza: huyu akiingia, kipande changu kinakua au kinapungua? Wanaangalia idadi ya watazamaji wa futiboli yake, ukubwa wa jiji lake, uwanja, bajeti ya idara ya michezo, na Big Ten huangalia pia hadhi ya chuo kwenye utafiti. Ubingwa wa kikapu unasaidia, ila kidogo. Fedha za televisheni zinaletwa hasa na futiboli, na hapo ndipo UConn wanapokwama. Timu yao ya wanaume ilikuwa imefikisha mataji sita kufikia 2024, ya wanawake 12 kufikia 2025, lakini futiboli yao ni ya wastani na haina hata konferensi. ACC ilipohitaji mtu mwaka 2012 ikawachukua Louisville. Big 12 ilizungumza nao mwaka 2024, mazungumzo yakasimama. Nikiitazama kabati ile ya vikombe huwa nashindwa kuamini, lakini hesabu ni hesabu.

Kuna tukio moja ambalo nadhani linaeleza kusubiri mwaliko kuliko ufafanuzi wowote. Mwaka 2016 Big 12 ilitangaza kwamba inafikiria kuongeza wanachama. Vyuo vikajipanga kama wasailiwa wa kazi. Kumi na kimoja viliitwa Dallas kujieleza: Houston, Cincinnati, UConn, BYU, Rice, Tulane, Air Force na wenzao. Viongozi waliingia na mafaili, picha za viwanja, takwimu za wahitimu. Oktoba mwaka huo huo wakuu wa Big 12 wakakutana na kuamua, bila hata mmoja kupinga, kwamba hawamchukui yeyote. Usaili umekwisha, rudini makwenu. Miaka mitano baadaye Texas na Oklahoma walipotangaza kuikimbia Big 12, konferensi hiyo hiyo iligeuka mbio na kuwaita Houston, Cincinnati, BYU na UCF. Vyuo hivyo havikuwa vimegeuka dhahabu ghafla. Aliyekuwa na shibe ndiye aliyekuwa na njaa sasa.

Turudi San Diego, maana fainali ile ilikuwa mwanzo tu wa mwaka wao mgumu. Los Angeles, mwendo wa saa mbili hivi kaskazini kwao, vyuo vya USC na UCLA vilikuwa vimetangaza mwaka 2022 kwamba vinaihama Pac-12, konferensi ya pwani ya Pasifiki yenye mizizi ya mwaka 1915, kwenda Big Ten. Kusini mwa California palikuwa wazi. San Diego State walikuwa na timu ya fainali na uwanja mpya wa watu 35,000 uliofunguliwa 2022. Kila mtu aliona wao ndio wanaofuata.

Tatizo lilikuwa tarehe. Ukitaka kutoka Mountain West kwa notisi ya mwaka mzima, ulipaswa kusema kabla ya Juni kwisha na ada ya kujitoa ilikuwa takribani dola milioni 16.5. Ukichelewa, ada inapanda hadi karibu milioni 34. Na Pac-12 haikuwa tayari kumkaribisha mtu kwa sababu haikuwa imepata mkataba wa televisheni. Kwa hiyo Juni 2023 San Diego State wakaandika barua: tunakusudia kujitoa, ila tunaomba mtuongezee mwezi mmoja. Mountain West wakaisoma sehemu ya kwanza, ya pili wakaiacha. Wakasema mmeshaaga, na mgao wenu tunauzuia. Ni kama binti aliyewaaga nyumbani, mizigo iko barazani, na washenga hawajapiga hodi. Juni ikaisha. Mwaliko haukuja. Ikabidi waandike tena kwamba wapo, hawajaondoka, na Julai wakapatanishwa.

Kwa jinsi mambo yalivyokwenda, walinusurika. Siku chache baada ya mapatano hayo Colorado waliikimbia Pac-12 kwenda Big 12. Kilichobaki mezani, kwa mujibu wa taarifa za wakati ule, kilikuwa ofa ya Apple ya kuonyesha mechi mtandaoni kwa malipo yanayotegemea idadi ya watakaojiandikisha. Tarehe 4 Agosti 2023, kwa siku moja, Oregon na Washington wakaenda Big Ten, wakikubali mgao pungufu, na Arizona, Arizona State na Utah wakaenda Big 12. Tarehe 1 Septemba Stanford na California wakapokelewa ACC. Mechi ya Stanford dhidi ya Boston College sasa ni ya konferensi moja, ingawa umbali wake ni zaidi ya wa Dar es Salaam hadi Cairo. Wanafunzi wa kike wanaocheza voliboli katikati ya wiki nao husafiri hivyo hivyo, na mtihani wa Alhamisi haujui kama umetua alfajiri. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sehemu isiyo na utetezi: mkataba uliandikwa kwa ajili ya futiboli, wakapakiwa ndani yake waogeleaji na wakimbiaji.

Stanford na California hawakuingia peke yao. Walikuwa na SMU ya Dallas, chuo ninachokipenda katika habari hizi kwa sababu kilikubali kusema waziwazi kile ambacho wengine hukificha. SMU ilikuwa kwenye Southwest Conference hadi ilipovunjika mwaka 1996, na kabla ya hapo ilishaadhibiwa vibaya kuliko chuo chochote cha futiboli: mwaka 1987 NCAA iliwafungia futiboli msimu mzima kwa kuwalipa wachezaji kinyume cha kanuni za wakati ule. Konferensi yao ilipovunjika, waliobahatika walikwenda Big 12, SMU wakazunguka konferensi ndogo kwa karibu miaka 27. Ulipofika wakati wa kubisha hodi ACC walileta pendekezo moja: tuingizeni, na kwa miaka tisa hatutachukua mgao wetu wa fedha za televisheni za konferensi. Wenyeji wakagawana. Hata hivyo kura zilihitajika 12 kati ya 15 na zilitosha baada tu ya North Carolina State kubadili msimamo. Ndani ya siku chache matajiri waliosoma SMU wakaahidi dola milioni 100 kufidia pengo. Kwetu mahari huja na anayeoa. Hapa anayeomba kuolewa ndiye aliyeileta.

Msimu wa kwanza, 2024, SMU walifika fainali ya ACC, wakafungwa na Clemson 34 kwa 31, na bado wakaingia kwenye mtoano wa timu 12 wa kutafuta bingwa wa taifa. Wenye uwezo huo walikuwa nje miaka yote.

Walioachwa Pac-12 walikuwa wawili, Oregon State na Washington State. Jina hilo la pili msomaji wa Afrika Mashariki huenda analijua bila kujua kwamba analijua. Ndiko alikosoma Henry Rono wa Kenya. Mwaka 1978, akiwa mwanafunzi Pullman, mji mdogo katikati ya mashamba ya ngano, Rono alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81. Ya mita 5,000 aliivunjia Berkeley, nyumbani kwa chuo cha California. Ya kuruka viunzi na maji aliivunjia Seattle, nyumbani kwa Washington. Vyuo vyote viwili vilikuwa wenzao wa konferensi moja, na vyote viwili vilitangaza kuondoka mwaka 2023. Uhamisho huo hauandikwi hivyo kwenye kurasa za biashara, ila kwa Pullman ndivyo ulivyouma.

Wawili hao walikwenda mahakamani, wakapata udhibiti wa bodi ya Pac-12 na mali yake, wakacheza misimu miwili kwa kuombaomba wapinzani. Kanuni inataka vyuo visivyopungua vinane vyenye futiboli, na inatoa miaka miwili ya kujipanga. Septemba 2024 walioachwa wakawa wao sasa wanaoalika. Memphis, Tulane, South Florida na UTSA wakakataa. Boise State, Fresno State, Colorado State na Utah State wakakubali, na baadaye Texas State. Mountain West, iliyobaki na mapengo, ikaifuata UTEP ya El Paso, chuo alichokiwakilisha mbioni Suleiman Nyambui wetu kabla na baada ya medali yake ya fedha ya Moscow 1980.

Na kwenye orodha ile ya kwanza ya Septemba alikuwamo San Diego State. Mwaliko walioungoja umefika, una nembo ile ile ya Pac-12, na unaanza kazi Julai 2026. USC na UCLA, majirani waliotaka kukaa nao meza moja, siku hizi ratiba yao inawapeleka New Jersey kucheza na Rutgers.