Je, wajua kwa nini gundi ya nati haigandi ndani ya chupa?

Mteja mmoja pale Mwanjelwa, Mbeya, alimrudishia muuza spea chupa ya gundi ya nati, akidai kapunjwa: chupa mpya kabisa, lakini ndani imejaa nusu tu. Hakupunjwa. Ile nafasi tupu ndiyo inayoitunza gundi isiharibike.

Gundi nyingi tulizozoea hukauka zikipigwa na hewa. Hii ni kinyume chake, maana oksijeni ndiyo inayoizuia kuganda. Ikibanwa kati ya meno ya bolti na nati, mahali hewa haipiti, huku ikigusa chuma, hugeuka plastiki ngumu. Ndiyo maana chupa yake ni ya plastiki inayopitisha hewa kidogo kidogo, wala haijazwi hadi juu. Aliyeivumbua miaka ya 1950 ni Vernon Krieble, profesa wa kemia huko Marekani. Mafundi wengi huiita Loctite tu, hata ikiwa ya kampuni nyingine.

Sasa chukua injini kuukuu ya boti iliyopandishwa kutoka Matema hadi Mbeya kufumuliwa. Bolti iliyokazwa hujinyoosha kidogo kama springi, na mvuto huo ndio unaoishikilia. Injini ikitetemeka, meno huteleza kidogo kidogo mpaka mvuto unaisha. Meno hayo hayagusani kote. Gundi huziba nafasi zilizobaki, ikazuia ule mtelezo. Huzuia pia maji ya Ziwa Nyasa yasipenye kwenye bolti ya chuma iliyofungwa ndani ya aluminiamu. Kwangu mimi faida hii ya pili inaizidi ya kwanza, na aliyewahi kukatikiwa na kichwa cha bolti iliyoshikana kwa kutu ananielewa.

Kinachowaangusha wengi ni usafi. Petroli ya injini ya boti aghalabu imechanganywa na oili, kwa hiyo ukioshea meno kwa hiyo umeyapaka mafuta upya. Tumia asetoni, kisha acha yakauke. Na baridi ya Mbeya ya Juni huichelewesha gundi: kazi ambayo kule Kyela ingekuwa tayari kesho yake, hapa ipe muda zaidi. Bolti za chuma kisichoshika kutu nazo ni nzito kuitikia.

Gundi ya rangi ya bluu hufunguka kwa spana ya kawaida. Nyekundu huhitaji moto wa nyuzi 250 hivi, na moto huo jirani na oili sili (mpira unaozuia oili kuvuja) ni hasara, kwa hiyo usiiguse bila sababu. Ile koni ya shafti inayokaliwa na flaiwili, lile gurudumu zito la injini, iache kavu. Bolti za ndani ya injini fuata kitabu chake.

Usishtuke asubuhi ukikuta tone lililovujia nje ya nati bado ni bichi. Lilikesha hewani. Lifute kwa kitambaa. La ndani limeshaganda.