Je, wajua kwa nini serikali husamehewa uongo ambao jirani hasamehewi?

Mtu akikopa kwa mwenzake kisha akakana deni, mtaa mzima utamwita tapeli. Nchi ikitia saini mkataba halafu ikauchana, watu wale wale watakuambia siasa ndivyo zilivyo. Mwanahistoria na mwanafalsafa wa Poland, Feliks Koneczny, aliona kwamba hapa ndipo penye ufunguo wa historia. Ukitaka kujua watu fulani ni wa ustaarabu gani, alisema, achana na majengo na mavazi yao. Angalia kama wanaidai serikali maadili yale yale wanayomdai mtu wa kawaida.

Swali hilo hakulitoa mbali. Alizaliwa Kraków mwaka 1862, wakati Poland haikuwepo hata kwenye ramani, kwani Urusi, Prussia (dola la Kijerumani) na Austria zilikuwa zimekwisha kuigawana. Alifanya kazi katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Jagiellonia, na nchi iliporudi mwaka 1918 akaenda kufundisha historia Wilno, mji ambao leo ni Vilnius ya Lithuania. Kitabu chake kikuu, kuhusu wingi wa aina za ustaarabu, kilitoka mwaka 1935.

Kwake ustaarabu ni namna watu walivyopanga maisha yao ya pamoja, basi. Damu na rangi ya ngozi hazina kazi hapo, na alishikilia hivyo wakati Ujerumani, jirani wa mlango wa pili, nadharia za mbari zikipigiwa debe. Alihesabu aina saba zilizo hai: Kilatini (ya Ulaya ya magharibi, ya Kikatoliki), Kibizanti (ya dola la Roma ya mashariki, makao yake Konstantinopoli), Kiturani, Kiarabu, Kiyahudi, Kibrahmani (ya Wahindu) na Kichina. Kila moja ina la kusema juu ya mambo matano, yaani ukweli, wema, uzuri, afya na ustawi wa mali. Lakini alipozipima hasa, alitazama nani yuko juu ya nani. Katika ustaarabu wa Kilatini maadili hutangulia, sheria ikafuata nyuma. Sheria ikiwa ovu, hurekebishwa. Katika ule wa Kibizanti maadili humbana mtu nyumbani kwake tu, dola haiulizwi. Katika ule wa Kiturani, aliouona kwa Wamongolia na baadaye Moscow, neno la mtawala ndilo sheria, na nchi nzima huendeshwa kama kambi ya jeshi.

Ujerumani je? Mwaka 972 Otto II alimwoa Theophanu, binti wa jamaa ya kifalme kutoka Konstantinopoli. Koneczny alidai kwamba kwa njia hiyo mawazo ya Kibizanti juu ya dola yalipenya Ujerumani, yakaota mizizi, na karne nyingi baadaye yakazaa Prussia ya waziri mkuu wake Bismarck. Mzigo mkubwa huo kumtwika bibi harusi mmoja.

Kipimo chake kingine kina uzito zaidi, nadhani. Alikiita sheria tatu: ya familia, ya mali na ya mirathi. Mtu anaoa wake wangapi? Shamba ni lake au la ukoo? Akifa, nani anarithi? Majibu yakipatana, jamii husimama, yakivutana, huyumba. Poland yenyewe ilikuwa mfano mzuri, maana mwaka 1918 ilirithi sheria za watawala wake wote kwa mpigo. Poznań walifuata sheria za Kijerumani: ndoa inafungwa mbele ya ofisa wa serikali, na mahakama inaweza kuivunja. Warsaw ndoa ilikuwa mikononi mwa dini, na Mkatoliki hakuwa na talaka, hivyo waliotaka kuachana walihama dini. Józef Piłsudski, aliyekuja kuwa kiongozi wa nchi, aliingia Ulutheri mwaka 1899 ili amwoe mwanamke aliyeachika. Sheria moja ya ndoa kwa nchi nzima ilianza Januari 1946 tu.

Baada ya hapo inakuja kanuni yake kali kuliko zote: mtu hawezi kuwa mstaarabu kwa namna mbili. Aina mbili za ustaarabu zikichanganywa, ya chini humeza ya juu. Na aliyeamua ipi iko juu ni yeye mwenyewe, Mkatoliki wa Kraków, na hukumu ikaupendelea ustaarabu wake mwenyewe, wa Kilatini. Mahali pabaya zaidi ni kitabu chake juu ya ustaarabu wa Kiyahudi, kilichochapwa London mwaka 1974, miaka 25 baada ya kifo chake. Humo hata Unazi aliutafutia chimbuko kwa Wayahudi. Nadharia iliyofika huko imeshapotea njia, hata kama swali lililoianzisha ni zuri.

Msomaji wa Kongo naye ana la kuuliza. Leopold II wa Ubelgiji, mfalme wa nchi ya Kikatoliki na ya Kilatini kwa vigezo vyote, aliimiliki Kongo kama shamba lake tangu 1885, na watu wakakatwa mikono kwa ajili ya utomvu wa mpira. Kwa mantiki ya Koneczny ni rahisi kujibu kwamba hiyo ni sumu iliyoingia kutoka ustaarabu mwingine. Ila ukijibu hivyo kila mara, hakuna ushahidi utakaokushinda kamwe. Kinachomtetea Koneczny kidogo ni kwamba mwaka 1908 mfalme huyo alilazimika kuiachia Ubelgiji koloni hilo, baada ya makelele ya miaka ya watu kama Edmund Morel, karani wa kampuni ya meli ya Liverpool. Morel alikuwa amegundua kwamba meli zinarudi Antwerp zimejaa mpira, na zikienda Kongo zinabeba bunduki na risasi. Karani akamdai mfalme maadili, kama Koneczny alivyotarajia. Lakini karani na mfalme wote wawili walitoka upande ule ule wa orodha yake, kwa hiyo kujua ustaarabu wao kusingekuambia nani angeshika bunduki na nani angezihesabu.