Mwenyekiti ni nani? Kuandika mgogoro wa CUF bila kuvaa jezi

Kazi yangu ni kuandika historia ya vyama vya siasa, na hakuna faili lililonitoa jasho kama la mgogoro wa CUF, chama cha upinzani cha Tanzania. Habari zilikuwa tele. Kilichonikwamisha ni neno moja: mwenyekiti.

Agosti 2015 Profesa Ibrahim Lipumba alijiuzulu uenyekiti, baada ya UKAWA, muungano wa vyama vya upinzani uliokuwa na CUF ndani yake, kumpokea Edward Lowassa, waziri mkuu wa zamani aliyetoka CCM. Juni 2016 akaandika barua ya kutengua uamuzi wake. Upande wake ukasema kujiuzulu kulikuwa hakujakamilika, kwa kuwa mkutano mkuu ulikuwa haujaridhia. Upande wa Katibu Mkuu, Maalim Seif Sharif Hamad, ukasema aliyetoka ametoka. Mkutano mkuu wa Agosti ukavurugika. Septemba, Msajili wa Vyama vya Siasa akamtambua Lipumba; Baraza Kuu la chama lililokaa Zanzibar likamvua uanachama.

Sasa ukiandika "mwenyekiti wa CUF" kwa tukio la Oktoba 2016, umeshampa ushindi mmoja. Ukiandika "mwenyekiti wa zamani", umempa mwenzake. Mimi huandika "Lipumba, anayetambuliwa na Msajili kuwa mwenyekiti". Ni maneno marefu, lakini kila moja lina karatasi yake. Barua ya Msajili inathibitisha Msajili alimtambua nani, basi. Katiba ya chama inasemaje? Hapo nafungua katiba yenyewe.

Mtego mkubwa ni taarifa kwa umma. Pande zote mbili zilitumia jina lile lile na nembo ile ile. Ukiishia kwenye kichwa cha barua, leo utaandika "CUF yasema", kesho "CUF yakanusha". Shuka hadi kwenye sahihi: nani kasaini, kwa cheo gani, kutoka Buguruni, Dar es Salaam (kwa Lipumba) au Zanzibar (kwa Maalim Seif)? Hayo yaingie kwenye sentensi. Na neno kama "msaliti" libaki kinywani mwa aliyelisema.

Machi 18, 2019 Mahakama Kuu ikaamua kwamba Lipumba ni mwenyekiti halali, na siku hiyo hiyo Maalim Seif akatangaza kuhamia chama kingine, ACT-Wazalendo. Wapo wanaonitaka nirudi nisahihishe kurasa zote za 2016. Nakataa. Hukumu nimeiweka chini ya tarehe yake. Mwanachama wa 2016 hakuwa nayo mkononi. Alikuwa na barua ya Msajili na tamko la Baraza Kuu, na ndivyo ukurasa wa mwaka ule unavyosomeka.